Marashi yanayonukia kama pipi: kabla hujatoa pesa

Swali la wiki hii limetoka kwa mama mmoja wa Momela, kule chini ya Mlima Meru. Jumamosi moja alisimama katika duka la vipodozi mjini Arusha akiwa na shilingi 45,000 mkononi na chupa ya rangi ya waridi puani. "Inanukia kama keki na pipi, daktari, nikashindwa kuirudisha mezani," ananiambia. Ana sendofu ya mdogo wake mwezi ujao. Ana pia mtoto wa miaka sita mwenye pumu. Anauliza: anunue au aache?

Kwanza tuelewane kilichomo. Utamu ule hautoki kwenye sukari. Hutokana hasa na kemikali mbili: ethyl maltol, inayonukia kama ile sukari inayosokotwa kama pamba kwenye maonesho ya Nanenane, na vanillin, yaani harufu ya vanila. Zote mbili hutiwa hata kwenye pipi na biskuti, kwa hiyo pua yako haijadanganywa sana. Mtindo huu wa marashi ulishika kasi duniani mwaka 1992, pale Thierry Mugler wa Ufaransa alipotoa pafyumu iitwayo Angel. Tangu hapo kila kampuni ina pipi yake.

Wasiwasi wangu hauko kwenye utamu huo. Uko kwenye vingine vilivyomo: spiriti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chupa, na kemikali za harufu ambazo zinaweza kufika kadhaa wa kadhaa huku lebo ikikusanya nyingi kati yake katika neno moja, parfum. Baadhi yake huleta mzio wa ngozi. Na mzio wa ngozi ukishaupata kwa kemikali fulani, mara nyingi unakaa nao maisha yako yote. Unaweza kutumia pafyumu moja miaka mitatu bila shida, kisha mwaka wa nne shingo ikaanza kuwasha.

Vitabu vingi vinasema utaona wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo haujitokezi vizuri. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya kijivu, imekauka, ina vipele vidogo vinavyowasha, halafu baada ya vipele kupona doa jeusi linabaki miezi. Nimeona kina dada wakihangaika na madoa ya shingoni, wanayapaka krimu za kung'arisha, na kila asubuhi wanapulizia juu yake marashi yaleyale yaliyoyaleta.

Kwa hiyo usinunue dakika ileile uliyonusa. Mwombe muuza duka akupulizie kwenye karatasi, kisha tone moja upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Halafu ondoka. Zunguka sokoni, kula chakula, nunua vitunguu vyako. Dakika kumi za mwanzo unanusa spiriti na machungwa. Ile harufu utakayoishi nayo siku nzima huja baada ya saa moja au mbili, na marashi ya pipi mara nyingi ndipo yanapogeuka kuwa mazito ya kuchosha. Kumbuka pia hali ya hewa. Asubuhi ya baridi ya Momela hufifisha harufu. Mpulizo uleule ukiingia nao kwenye Noah iliyojaa, mchana wa jua kuelekea Usa River, abiria wa kiti cha nyuma mwenye kipandauso atashuka kabla ya kituo chake. Wewe hutajua, kwa sababu pua huzoea harufu yake yenyewe haraka, ndiyo maana watu huongeza na kuongeza.

Tone moja la dukani halitoshi kupima mzio. Ukiweza kupata sampuli, paka kidogo palepale karibu na kiwiko mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Mzio haukurupuki, mara nyingi hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu. Pakiwasha, acha, osha kwa maji na sabuni isiyo na harufu.

Sasa mtoto wa pumu. Hapa sina maneno laini. Harufu kali ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kubana kifua cha mwenye pumu, iwe ya shilingi 5,000 au 500,000. Ethyl maltol na vanillin hung'ang'ania kwenye kitambaa siku nyingi, hivyo kitenge ulichovaa Jumamosi bado kinanukia Jumatatu kwenye chumba anacholala. Na tafadhali, usimfanye mtoto kuwa kipimo kwa kumpulizia kidogo uone.

Kuna hatari nyingine ambayo wazazi huisahau. Chupa ya waridi inayonukia pipi, mtoto mdogo ataionja. Spiriti hushusha sukari ya damu ya mtoto, akalegea, akasinzia, hata akapata degedege. Akinywa, usimtapishe. Mbebe pamoja na chupa yenyewe hadi kituo cha afya kilicho karibu, usisubiri uone dalili. Chupa ikae juu, mbali pia na jiko, maana spiriti hushika moto.

Kuhusu lebo: tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS, si tena iliyokuwa TFDA. Tafuta jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho. Ukiona butylphenyl methylpropional, jua Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi Machi 2022 kwa hofu ya kudhuru uzazi. Ninachokwambia ni uirudishe rafuni. Zile za kupima kwa mililita ni rahisi mfukoni, lakini hazina lebo, na ukipata vipele hatutajua tuanzie wapi. Na kama shati lako la sendofu ni jeupe, vanillin hugeuka kahawia kadiri siku zinavyokwenda na huacha doa.

Nilimweleza mama yetu haya yote kwa simu. Akapata sampuli, akaifanyia jaribio kwa dada yake Usa River ili nyumbani pasinuke. Siku saba zikapita, ngozi safi kabisa. Ila siku ya tatu alichelewa, akapanda gari ya mwisho bila kubadili kitenge, na usiku ule kijana akakohoa hadi saa nane, pampu ikatumika mara mbili.

Chupa ameiacha dukani. Kwenye ile 45,000 amenunua pampu ya akiba, iliyobaki ameiongeza kwenye mchango wa sendofu.