Mbwa Anayejitafuna Ngozi: Namna ya Kumzuia kwa Usalama



Mbwa ndiye mlinzi wa usiku katika kaya nyingi za Koboko na Arua. Hulala nje, hula kilichobaki chunguni, na hutoa taarifa ya mgeni kabla ya mwenye nyumba kuamka. Kwa hiyo afya yake si jambo la mwenye mbwa peke yake. Mbwa anayewashwa usiku na mchana hupoteza utulivu. Mtoto akimshika penye kidonda, hung'atwa. Hapo majirani waliokuwa wakisalimiana hufikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na baadaye kituoni. Wengine, wakichoshwa na upele na harufu, humfukuza mbwa wao, naye akawa mzururaji asiyejulikana mwenyewe.

Mengi ya hayo yaweza kuzuiwa, mradi mwenye mbwa atambue kwamba kujitafuna si ukaidi wala tabia mbaya. Ni dalili. Kumpiga hakumponyi, kinachohitajika ni kuuzuia mdomo wake kwa muda, huku chanzo kikitafutwa na kuondolewa.

Tazama kabla ya kugusa

Kabla ya kumkaribia mbwa anayejitafuna, mtazame kwa mbali na ujiulize maswali mawili. Je, aling'atwa na mbwa mwingine au na bweha katika wiki au miezi iliyopita? Je, mwenendo wake umebadilika?

Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa jeraha la meno na kusafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Ugonjwa unapojitokeza, baadhi ya mbwa hutafuna kwa ukali mahali palepale walipong'atwa, hata kama jeraha lilikwisha kupona. Mbwa wa namna hiyo huweza pia kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza, kubadilika sauti, au kung'ata vijiti na mawe. Wengine hawawi wakali. Hunyamaza na kulegea isivyo kawaida yao.

Ukiona dalili hizo, usimguse, usimfungue mdomo kwa kudhani amekwamwa na mfupa, wala usijaribu kumvalisha chochote. Waondoe watoto, funga lango ili asitoke ikiwa waweza kufanya hivyo bila kumkaribia, kisha umjulishe mara moja ofisa wa mifugo, mwenyekiti wa kijiji na polisi.

Mahali anapotafuna panaeleza sababu

Ikiwa mbwa anakula na kunywa vizuri, anamtambua bwana wake na mwenendo wake ni wa kila siku, yaelekea shida iko katika ngozi. Mkague mchana, penye mwanga.

Akitafuna kiunoni na penye shina la mkia, washuku viroboto kwanza. Chana manyoya juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Zikidondoka chembe nyeusi zikaacha rangi nyekundu kitambaani, hizo ni kinyesi cha viroboto chenye damu ya mbwa.

Akiwa na magamba na upele kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, na mwasho usiomwacha alale, huenda ni utitiri, yaani wadudu wasioonekana kwa macho wanaochimba ngozi. Utitiri huo waweza kuwapata watu wanaomshika na kuwawasha pia.

Akitafuna nyayo, angalia katikati ya vidole. Huko hujificha kupe, miiba, mbegu za nyasi na tekenya. Mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka manyoya huweza kuwa fangasi. Kidonda kinachozunguka shingo mara nyingi ni cha kamba iliyobana. Naye mbwa aliyefungwa kutwa nzima pasipo shughuli yoyote huweza kulamba mguu wa mbele mpaka ukatoka kidonda. Dawa yake ya kwanza ni kufunguliwa na kutembezwa.

Kuuzuia mdomo

Ngozi iliyojeruhiwa huwasha zaidi, na mbwa huzidi kuitafuna. Mzunguko huo haukatiki mpaka meno yazuiwe kuifikia.

Kama kidonda kiko kifuani, tumboni au mgongoni, mvalishe fulana kuukuu ya pamba, miguu ya mbele ikipita kwenye mikono ya fulana, kisha uikunje na kuifunga kiunoni bila kumbana.

Kama kiko mguuni au penye mkia, tumia ndoo ndogo ya plastiki. Kata kitako chake, upate tundu la kupitisha kichwa. Funika ukingo uliokatwa kwa kitambaa ili usimchubue. Toboa matundu manne kuzunguka ukingo huo, pitisha kamba, na uifunge kwenye mkanda wa shingoni. Upande mpana uelekee mbele na upite pua kidogo. Vidole viwili viweze kupita kati ya mkanda na shingo. Visipopita, umebana mno. Avae usiku na mchana mpaka kidonda kikauke. Ikiwa hawezi kula au kunywa, mvue wakati wa chakula, ukae naye, kisha umrudishie.

Kidonda kidogo kioshwe mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja kidogo cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe. Kidonda kirefu, chenye usaha au mabuu, kionwe na ofisa wa mifugo.

Kuondoa chanzo

Viroboto huishi kwa mbwa, lakini mayai yao hudondoka mahali anapolala. Penye joto, yai huweza kuwa kiroboto kamili katika muda wa wiki tatu hivi. Ndiyo maana mbwa aliyepakwa dawa leo huonekana amepona, kisha akaanza tena kujikuna. Kwa hiyo, siku anayopewa dawa, fagia malalo yake, choma takataka, chemsha au badilisha magunia, na uanike juani. Mbwa wote wa kaya watibiwe pamoja, na kazi hiyo irudiwe kama ofisa wa mifugo atakavyoagiza.

Kupe avutwe taratibu kwa kibanio karibu na ngozi. Asipondwe kwa vidole. Tekenya atolewe kwa pini iliyochemshwa, na sakafu ya vumbi inyunyiziwe maji na kufagiwa, kwa kuwa tekenya huyohuyo huingia miguuni mwa watoto. Utitiri huhitaji dawa ya ofisa wa mifugo kwa wiki kadhaa. Usiiache kwa kuona manyoya yameanza kuota.

Dawa za kuepukwa

Mafuta machafu ya injini hayatibu upele. Mbwa huyalamba na kuyameza, nayo ni sumu. Mafuta ya taa huunguza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe imepimwa kwa ng'ombe. Ikikorogwa kwa kukisia na kumwagiwa mbwa, huweza kumfanya atetemeke, atoe mate, apepesuke na hata afe, na mtoto anayemkumbatia hudhurika vilevile. Vidonge vya maumivu vya binadamu, kama parasetamo na ibuprofeni, huweza kumdhuru mbwa hata kwa kiasi kidogo. Ikiwa amekwisha kumwagiwa dawa isiyofaa, vaa mifuko mikononi, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, na umpelekee ofisa wa mifugo chupa yenyewe ili aisome.

Mtu aking'atwa

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usilifunike kwa majani, kahawa wala udongo. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa mkwaruzo tu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikitolewa mapema, hukizuia. Mwulize mtoto kwa upole, kwa maana mara nyingi huficha kwa kuogopa kukaripiwa.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe na kutupwa porini kwa hasira. Akiwa mzima, afungiwe na kutazamwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa ofisa wa mifugo, maana hali yake humsaidia mganga kuamua kuhusu matibabu ya aliyeng'atwa. Uganda ina sheria mahsusi juu ya kichaa cha mbwa, na nyingine inayokataza ukatili dhidi ya wanyama. Majirani wafike kituoni kutoa taarifa, wasilipizane kisasi.

Sisi wa mpakani

Mbwa hafuati mpaka. Humfuata bwana wake sokoni na mwindaji porini, na Wakakwa wenyewe ni ndugu walioenea Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Mbwa wako aking'atana na mbwa wa upande wa pili, mjulishe mwenyekiti wa kijiji chako, na umpelekee habari mwenye mbwa yule, ili pande zote mbili zitazame wanyama wao. Ukinunua au kupewa mbwa kutoka ng'ambo, uliza kama amechanjwa. Usipopata uthibitisho, mhesabu kuwa hajachanjwa, na umpeleke kwa ofisa wa mifugo. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba atakayokupa.

Mkague mbwa wako mara moja kwa wiki: masikio, nyayo, shina la mkia na shingo. Ukiona mkwaruzo ungali mdogo, maji ya chumvi na fulana kuukuu vyaweza kutosha. Ukiona mwenendo umegeuka, mwache alipo, na utuite.