Wanawake wa Karatasi Walioshikana Mikono

Muulize mtoto wako wa shule, hapa Kariakoo au Ilala: “Bibi Titi ni nani?” Usishangae akikujibu kwamba Bibi Titi ni barabara. Kweli, barabara ile ipitayo karibu na Mnazi Mmoja ina jina lake. Lakini jina lililoandikwa juu ya kibao halisemi neno, mpaka mtu mzima alifungulie kinywa.

Basi yafaa tuwafundishe watoto wetu, tena kwa mikono yao, maana alichokitengeneza mtoto mwenyewe hakisahau upesi. Kazi yenyewe ni hii.

Twaa karatasi nyembamba ya kaki, urefu sentimita 60, kimo sentimita 15. Ikunje mbele na nyuma kama pepeo, kila kunjo sentimita 7 na nusu, upate kurasa 8. Juu ya ukurasa wa kwanza chora mwanamke aliyenyosha mikono, viganja vifike kwenye makunjo ya pande zote mbili. Kata kwa mkasi, lakini angalia sana: viganja visikatwe. Ukiikunjua, utaona wanawake 8 walioshikana mikono.

Sasa wavike kanga. Karatasi za rangi za magazeti ya zamani zatosha, na gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Kila kanga iwe na pindo na mji, na chini yake jina. Jina hilo mtoto alitunge mwenyewe, maneno matatu au manne, asiige la dukani.

Wakati gundi inakauka, wasimulie. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha akina mama. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, wanawake walikuwa wachache mno ndani yake. Mwaka 1955 Bibi Titi alikabidhiwa kazi ya kuwaita. Hakuanza na hotuba kubwa. Aliwaendea wenzake wa ngoma, nao wakawavuta wenzao. Katika miezi michache wanawake zaidi ya 5,000 wakajiunga. Hapo waonyeshe watoto ile karatasi: mmoja alimshika mwenzake, naye akamshika wa tatu.

Walimu wengine hupenda kuishia tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, bendera ikipanda na watu wakishangilia. Ndugu mwalimu, usiishie hapo. Waambie pia kwamba mwaka 1962 aliuongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Na kwamba mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere, aliyekuwa mwenzake katika kudai uhuru, alimwachilia huru. Aliishi miaka mingi bila kutajwa sana, akafariki tarehe 5 Novemba 2000.

Mtoto atauliza: “Kwa nini mtu aliyetusaidia alifungwa?” Usimnyamazishe. Mweleze kadiri ya umri wake kwamba hata watu waliopigania jambo moja huweza kugombana vibaya, na kwamba ugomvi wa baadaye haufuti kazi ya kwanza. Mtoto anayesimuliwa nusu ya habari, siku moja ataipata nusu ya pili mitaani, naye atatuona sisi tu waongo.

Karatasi ikichanika mkononi, msiitupe. Wekeni kipande kidogo na gundi, mngoje ikauke. Kisha itungikeni ukutani, mahali ambapo wazazi watapita. Nao wakiuliza hawa ni akina nani, waacheni watoto wajibu.