Umenunua TV, wiki inayofuata bei imeshuka? Usinune, rudi dukani na risiti

Kama unaishi Marekani, hii inakuhusu. Umenunua TV kwa dola 400. Baada ya siku nane unaikuta duka lile lile inauzwa dola 330. Wengi huishia kulalamika tu, kumbe hizo dola 70 unaweza kurudishiwa.

Maduka kadhaa makubwa hurudisha tofauti kama bei imeshuka muda mfupi baada ya wewe kununua. Cha muhimu ni kuhesabu siku: Target wanakupa 14, Costco 30. Best Buy wanafuata muda wa kurudisha bidhaa, ambao kwa kawaida ni siku 15.

Njia nyingine ni kabla ya kulipa. Unamwonesha muuzaji bei ya chini ya duka jingine, anakuuzia kwa bei hiyo. Best Buy wanafanya hivyo kwa baadhi ya washindani wao. Target waliacha kulinganisha bei na Amazon na Walmart Julai 2025.

Kabla hujaenda, zingatia haya:

1. Bidhaa iwe ile ile: modeli, saizi na rangi.
2. Piga picha risiti siku unayonunua, maana maandishi hufutika.
3. Piga skrinshoti ya bei mpya.
4. Uliza masharti. Ofa za Black Friday mara nyingi hazihesabiwi.

Duka halitakupigia simu kukwambia bei imeshuka. Ukinunua kitu cha bei kubwa, weka alamu kwenye simu, uicheki bei kabla siku hazijaisha.