Je, Wajua? Asili na Adui wa Betri ya Kipakatalishi

Je, wajua ya kuwa fundi wa Kawangware au Dagoretti Corner jijini Nairobi, afunguapo zile parafujo ndogo za chini na kuinua kifuniko cha kipakatalishi, aghalabu hukuta betri ya lithiamu iliyotengenezwa kwa kobalti, madini ambayo zaidi ya nusu ya yachimbwayo duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hususan pande za Kolwezi, ambako wenyeji nao husema Kiswahili? Betri za lithiamu za namna hii ziliingizwa sokoni mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walioweka msingi wake, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya kemia.

Adui mkubwa wa betri hizi ni joto. Vumbi jekundu la Dagoretti, wakati wa kiangazi, hupenya katika matundu ya feni ya kipakatalishi likajisokota kwenye mapezi ya metali ya kupozea mithili ya sufi, hata hewa ikakosa njia. Na hewa yenyewe ya Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo uwezo wake wa kuondoa joto ni haba. Kuwasha kipakatalishi juu ya blanketi ni kukizidishia dhiki.

Nawe ukiona betri imevimba, hata kibao cha kugusa kikainuka, tafadhali usiitoboe wala usiitupe jaani: zima mashine, ichomoe kwenye umeme, umpelekee fundi siku hiyo hiyo.