Kubadilisha Majina Si Kuunda Kichekesho Upya

Kila ninapoalikwa kuzungumza na vijana wanaorekodi vichekesho hapa Kendu Bay, swali ni lile lile, na nimechoka nalo: kwa nini Wamarekani huchukua kichekesho cha Waingereza wakakiunda upya ilhali wote wanazungumza Kiingereza? Kabla sijafungua kinywa, muulizaji amekwisha kujijibu kwamba Wamarekani hawaelewi utani wa Waingereza. Kisha linafuata pendekezo, nalo halibadiliki: basi na sisi tuchukue Mind Your Language, kile kichekesho cha Waingereza cha darasa la wageni, Ali awe Otieno, Ranjeet awe Wafula, Giovanni awe Mutua, kila mmoja aongee kwa lafudhi ya kwao, kipindi kiwe tayari.

Hiyo ni dawa bandia. Nimeona vijana wenye vipaji halisi wakikodi kamera, wakimaliza akiba yao, halafu wakashangaa kwamba majirani zao wenyewe wanacheka dakika mbili za kwanza kisha wanarudi kwenye simu zao. Kosa halikuwa la waigizaji wala la kamera. Kosa lilianzia kwenye swali.

Tuliondoe kwanza hilo la uelewa. Stesheni za umma za Marekani zilianza kuonyesha Monty Python's Flying Circus mwaka wa 1974, kama ilivyotoka London, bila kubadilishwa hata jina la mtaa, na Wamarekani wakaipenda. Sisi Wakenya tuliitazama Mind Your Language katika televisheni ya taifa vilevile ilivyotoka Uingereza. Hakuna aliyedai Barry Evans, yule mwalimu Brown, ajifunze Dholuo kwanza ndipo tucheke. Mtazamaji anavuka mipaka kwa urahisi kuliko tunavyomdhania.

Kinachowafanya Wamarekani waunde upya kwanza ni biashara. BBC iliagiza sehemu sita kwa msimu, nusu saa nzima bila tangazo, na mara nyingi waandishi ni mmoja au wawili. Fawlty Towers ya John Cleese na Connie Booth ina sehemu 12 tu, sita za mwaka wa 1975 na sita za 1979. Mtandao wa televisheni wa Marekani ulitaka zaidi ya sehemu 20 kila mwaka, kila moja kama dakika 22 ili matangazo yapate nafasi, na ulitaka kumiliki kitu kinachoweza kuuzwa tena na tena miaka mingi baadaye. Kwa hesabu hiyo, kununua wazo na kuajiri chumba kizima cha waandishi kuna maana kuliko kuonyesha kanda 12 za kigeni. Hapo hakuna fumbo lolote.

Fumbo liko kwingine, na ndiko ninakotaka vijana wangu waelekeze macho: kwa nini baadhi ya vipindi vilivyoundwa upya viliishi miaka tisa na vingine vikafa kabla mwezi haujaisha?

Vichekesho vya aina hii, vya watu walewale mahali palepale kila wiki, husimama juu ya mtu anayetaka kuondoka alipo na hawezi. Steptoe and Son, iliyoandikwa na Ray Galton na Alan Simpson na kuonyeshwa na BBC kuanzia 1962, ni baba na mwana wanaookota vyuma na vitu vikuukuu London kwa gari la farasi. Mwana, Harold, amesoma vitabu viwili vitatu, anatamani maisha ya watu wenye heshima, na kila akifungasha, baba anamrudisha. Kinachomfunga ni tabaka. Uingereza ya wakati ule ilimjua mtu kwa jinsi anavyotamka neno moja, na Harold anajua kwamba hata akitoka nje ya lango atabaki mwana wa muokota takataka.

Norman Lear na Bud Yorkin walipokipeleka kichekesho hicho Marekani mwaka wa 1972 kwa jina la Sanford and Son, hawakuanza na majina. Walijiuliza ni nani Marekani ambaye hawezi kutoka. Wakakipeleka Watts, mtaa wa watu weusi wa Los Angeles ambao dunia nzima iliusikia kwa ghasia za 1965, wakampa Redd Foxx nafasi ya baba. Mzee Sanford, mwanawe akitishia kuhama, hushika kifua na kumwita marehemu mkewe Elizabeth kwamba yuko njiani anakuja. Kizuizi sasa ni rangi, ni mtaa, ni deni la mwana kwa baba mjane. Mifupa ni ileile, lakini hakuna damu ya Kiingereza iliyobaki ndani.

Sasa tazama wale waliobadilisha majina tu. Mwaka wa 2003 NBC ilichukua Coupling ya Steven Moffat, ikatumia maandishi ya Uingereza karibu yalivyo na waigizaji wa Kimarekani. Sehemu nne zikaonyeshwa, kipindi kikaondolewa. Miaka miwili baadaye mtandao huohuo ulianza The Office kwa kosa hilohilo: sehemu ya kwanza ilifuata maandishi ya Ricky Gervais na Stephen Merchant karibu neno kwa neno, na wakosoaji wakaitandika. Kilichoiokoa ni kazi iliyofanyika kabla ya msimu wa pili. Greg Daniels na waandishi wenzake waliacha kumwiga David Brent, yule meneja wa toleo la Uingereza. Brent ni mtu wa sehemu 12 na kipindi cha Krismasi; unaweza kumtazama akidhalilika mpaka afutwe kazi, basi. Hakuna anayeweza kumvumilia mtu huyo kwa sehemu 201, na The Office ya Marekani ilifika 201. Kwa hiyo Michael Scott wa Steve Carell akapewa kitu ambacho Brent hakuwa nacho: ni muuzaji hodari kweli, na anatamani wafanyakazi wawe familia yake kwa sababu nyumbani hana mtu. Meneja wa kampuni ya karatasi ya Slough akawa mtu mwingine kabisa kule Scranton. Huko ndiko kuunda upya.

Kuna na waliong'oa nguzo yenyewe. Mwaka wa 1983 ABC ilitengeneza Amanda's kutokana na Fawlty Towers, ikamwondoa Basil, mwenye hoteli, na kumweka Bea Arthur mahali pake. Basil anachekesha kwa sababu ana watu wawili juu yake: mkewe Sybil anayemwogopa, na mgeni mwenye cheo anayemsujudia. Ukimpa hoteli mtu asiyemwogopa yeyote, una hoteli tu. Haikumaliza mwaka.

Turudi kwa Mind Your Language, maana hiyo ndiyo ndoto ya kila kijana ninayekutana naye. Ilianza London mwaka wa 1977. Darasani kuna Mwitaliano, Mjapani, Mpakistani, Msikh, Mhispania, Mjerumani, na lugha pekee wanayoweza kukutana ndani yake ni hicho Kiingereza chao kilichovunjika. Bila hicho hakuna kazi, hakuna kuelewana hata na jirani wa dawati, na juu ya yote mkuu wa shule, Bi. Courtenay, anasubiri mwalimu ateleze amfukuze. Wamarekani walipokichukua mwaka wa 1986 kwa jina la What a Country!, walibadilisha darasa lenyewe: wanafunzi hawakuwa tena wanajifunza Kiingereza, walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa uraia. Waliona kwamba kwa mhamiaji wa Los Angeles, kinachouma ni karatasi za kukaa nchini. Hicho nacho hakikupita msimu mmoja, lakini waandishi wake angalau walijua waanzie wapi.

Otieno, Wafula na Mutua wako kwenye darasa gani? Wote watatu wana Kiswahili. Mwalimu akitoka nje wanaongea vizuri, wanaelewana, wanakwenda zao kunywa chai. Hakuna atakayepoteza kitu akiacha darasa usiku wa leo. Kilichobaki ni lafudhi: Mluo anatamka hivi, Mluhya vile, Mkamba hivi. Huo ni mzaha wa dakika mbili, na katika nchi iliyopita ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 na miezi iliyofuata, ni mzaha unaoweza kugeuka sumu haraka. Hata kule kwao, Michael Grade wa London Weekend Television alikisimamisha kipindi hicho mwaka wa 1979 kwa kuona kinawachora wageni kwa namna ya kuudhi.

Hapo mtu huinua mkono: “Mwalimu, lakini Mzee Ojwang' alitumia lafudhi ya Kijaluo na nchi nzima ikacheka!” Ndiyo, na mfano huo unanisaidia mimi. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang' katika vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani mpaka uzeeni na kufariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Kama lafudhi ndiyo ingekuwa kichekesho, sisi Wajaluo wa hapa Karachuonyo tungekuwa wa mwisho kucheka, maana sauti hiyo tunaisikia sokoni kila siku kutoka kwa wenyewe. Tulicheka kwa sababu tulimjua mzee anayetangaza ukuu wake nyumbani huku mkewe Mama Kayai ameshaamua kila jambo. Lafudhi ilikuwa vazi alilovaa. Mvulie, Ojwang' bado anachekesha.

Na mfano wa Wakenya wanaojua kuunda upya tunao. Waingereza walianza Spitting Image mwaka wa 1984, vikaragosi vya mpira vinavyowasuta wakubwa. Wafaransa wakawa na Les Guignols de l'info kuanzia 1988. Gado, mchoraji mzaliwa wa Tanzania, akaanzisha The XYZ Show kwenye Citizen TV mwaka wa 2009. Alichochukua kwa Wazungu ni ufundi wa vikaragosi na muundo wa taarifa ya habari. Kila kitu kingine kilitoka hapa: serikali ya mseto, Kibaki na Raila wakikalia kiti kimoja, na raia waliokuwa na hamu kubwa ya kuona wakubwa wakiambiwa ukweli.

Niwaonyeshe sasa kwa kitu cha hapa. Chukua Steptoe and Son uilete Kendu Bay. Biashara iko tayari: uga wa vyuma kuukuu kando ya barabara ya Oyugis, mizani yenye kutu, punda na mkokoteni. Baba ni mjane. Mwana ana miaka 40 na bado analala kwenye simba, nyumba yake ya ujana langoni mwa boma la baba. Kinachomzuia kuondoka hapa hakiwezi kuwa tabaka la Kiingereza. Ni goyo dala, desturi ya Wajaluo ya kuanzisha boma. Hawezi kuanzisha boma lake kabla ya kaka yake mkubwa kuanzisha la kwake, na kaka huyo yuko Mombasa, hapokei simu. Siku ikifika, asubuhi ile jogoo na shoka vikiwa tayari, baba lazima atangulie kuonyesha mahali. Baba asiyetaka kubaki peke yake na punda ataugua asubuhi hiyo, na ataugua kila mara. Kila mtu kijijini anajua haumwi, na hakuna anayeweza kumwambia mzee machoni kwamba anadanganya.

Sehemu zinajiandika zenyewe. Kaka anashuka basi hatimaye, amekuja bila mke, na bila mke hakuna boma la kuanzisha. Binti wa Homa Bay anamkubali mwana, halafu anaiona simba. Januari 2022 serikali inapiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu mpaka Mei mosi: uga umejaa, hakuna kuuza, baba na mwana wanatazamana miezi mitatu. Hakuna hata mstari wa Galton na Simpson humo, na hakuna anayehitaji kuongea kwa lafudhi ya kuigiza.

Njia zilizopo, haraka haraka. Ukitaka kipindi chenyewe na jina lake, mwandikie mmiliki, lipa, upate mkataba. Haki ya kuunda upya ni yake kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Huna pesa? Chukua hali tupu, baba na mwana wasioweza kuachana, maana wazo tupu halina mwenyewe, kisha andika kila neno wewe. Unataka maandishi yasiyodaiwa? Nchini Kenya haki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo; Galton alifariki 2018, kwa hiyo usihesabu. Shakespeare yuko huru: mwaka wa 2012 waigizaji wa Afrika Mashariki walipeleka The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili mpaka jukwaa la Globe, London. Sajili mswada wako kwa Bodi ya Hakimiliki. Pata leseni ya kurekodi kutoka Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kutoa kamera barabarani. Andika sehemu sita zote kabla ya kurekodi ya kwanza. Usitie sauti ya Dholuo juu ya picha za watu ukaita kazi yako.

Mswada wenye majina yaliyobadilishwa msiniletee tena, sitausoma. Nileteeni ukurasa mmoja unaoeleza ni nani anataka kuondoka, nini kinamzuia hapa kwetu, na nani atafaidika akibaki. Huo nitausoma siku hiyohiyo.