Siku ya Mfalme (Uholanzi)

Siku ya Mfalme (kwa Kiholanzi: Koningsdag) ni sikukuu ya kitaifa nchini Uholanzi. Huadhimishwa tarehe 27 Aprili, siku ya kuzaliwa kwa mfalme Willem-Alexander.

Hadi mwaka 2013 iliitwa Siku ya Malkia na ilikuwa 30 Aprili, alipozaliwa malkia Juliana. Binti yake Beatrix alizaliwa Januari, wakati wa baridi kali, hivyo aliiacha palepale katika majira ya kuchipua.

Familia ya kifalme hutembelea mji tofauti kila mwaka. Kofia za malkia Máxima hutazamwa sana. Wananchi huvaa rangi ya machungwa, kwani jina la ukoo huo, Oranje, ndilo pia jina la rangi hiyo.

Mwaka 2009 mjini Apeldoorn, mtu aliendesha gari katikati ya umati akilenga basi la kifalme. Walikufa watu 8, pamoja naye. Mwaka uliofuata ziara ilifanyika tena.