Kuotesha Hopi kwa Vipandikizi

Hopi ni mmea unaopanda juu kwa kujizungusha kwenye nguzo au kamba. Maua yake ya kike, yenye umbo la koni ndogo za kijani, ndiyo huipa bia uchungu na harufu. Sheria ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 iliitaja pamoja na shayiri na maji. Mashamba makubwa yako Hallertau, Ujerumani, na Yakima, Marekani, lakini wengi huko huipanda pia nyumbani, kando ya uzio.

Kila mmea wa hopi huwa wa kike au wa kiume. Mbegu inaweza kuota dume lisilozaa koni, na hata ikiota jike, halifanani sawasawa na mama yake. Kipandikizi kilichokatwa kwenye mmea wa kike huota jike la aina ileile. Kwa kuwa hurithi virusi pia, mmea mama sharti uwe na afya.

Vipandikizi hukatwa majira ya kuchipua, mashina yakiwa bado laini, kwa kuwa yakikomaa huwa na uwazi ndani na huoza upesi. Kipande cha sentimita 10 hadi 15 hukatwa chini kidogo ya kifundo kwa kisu safi. Majani ya chini huondolewa, ya juu huachwa mawili. Yakiwa mapana hupunguzwa nusu yasipoteze maji mengi. Kipande huchomekwa kwenye mchanganyiko wa mboji na mchanga, kikafunikwa kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na kuwekwa kivulini. Udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji. Mizizi hutoka baada ya wiki 2 hadi 4.

Mche huzoeshwa jua taratibu, kisha huhamishiwa kwenye udongo wenye rutuba, chini ya kamba imara, kwani hopi iliyokomaa hupita mita 5 kwa msimu mmoja. Mwaka wa kwanza koni huwa chache. Shina hukauka kila baridi, mizizi ikachipua tena.

Hopi huhitaji mchana mrefu wa kiangazi. Karibu na George, Afrika Kusini, ilibidi zizalishwe aina zinazovumilia mchana mfupi zaidi. Kwenye ikweta, ambako mchana haurefuki, mche unaweza kushika vizuri lakini koni zikawa haba.